Mkate wa Gome

Oulu, Februari. Jua linachungulia saa tatu
na kufika saa kumi limeshatuchoka.
Taimi Karjula anabandika karatasi kwenye kizimba:
*Wasipewe chakula mpaka kesho. Maji tu.*
Panya sita. Wanamnusa vidole kupitia waya,
vidole vyenye harufu ya siagi ya asubuhi,
naye anavificha mfukoni kama mwizi.

Adui mwombee njaa.
Lakini yeye hana ugomvi na panya.

Kesho yake kazi yote ni juu ya barafu.
Utumbo anausukumia maji ya chumvi,
anaupasua kwa mkasi mdogo
kama mtu afunguaye barua aliyoingoja.
Anatikisa. Vinyweleo vinang'oka kwanza,
vile laini vinavyokutana na kila tonge;
anavimwaga.
Anachokitaka kiko chini, kwenye vishimo,
mahali pasipoonwa na chakula.
Huko seli shina zimekaa, nyembamba,
zimebanwa na majirani wanene wenye punje,
zinajigawa,
zinajigawa,
zinawasukuma wana wao ukutani: pandeni,
fanyeni kazi, dondokeni.
Siku nne, tano, basi.
Ukuta uliokula nawe Jumapili
sio utakaokula nawe Ijumaa.

Nani humpasha habari asiyeiona sahani?
Damu, kidogo. Jirani, zaidi.
Sukari ikipungua, jiko hubadilisha kuni:
mafuta ya akiba yanashushwa darini,
mitokondria zinawaka moto wa aina nyingine,
na hata seli ya panya mzee
inakumbuka kwamba iliwahi kuwa mche.

Anahesabu vichipukizi ndani ya matone ya jeli.
Walioshiba: kumi na moja.
Waliofunga: ishirini na tatu.
Anarudia, maana jicho lake halimwamini.
Ishirini na nne.

Ndipo anapomkumbuka Valpuri,
bibi wa bibi yake, kule Kainuu,
mwaka theluji ilipokataa kuondoka.
Alibandua msonobari, akakausha gome la ndani,
akatwanga, akakanda na konzi ya shayiri,
akawalisha watoto watano mkate wa mti.
Waliobaki ni wawili.
Hakuna aliyehesabu vichipukizi vyao.
Njaa ya panya ina mlango, na ufunguo anao Taimi.
Ile haikuwa na mlango.
Na katika ukoo husimuliwa, kwa sauti ya chini,
juu ya mjomba mmoja aliyevumilia njaa yote
akafa siku unga ulipofika.

Jioni anavuka maegesho, wodi ya tatu.
Baba yake, Urpo, amekatwa utumbo
kiasi cha urefu wa penseli,
kwa uvimbe ulioanza, pengine, na seli moja
iliyosahau kusema *inatosha*.
Siku mbili amekula dripu tu.
"Wewe unayeshinda na matumbo," anasema,
"niambie. Ni siagi yangu?"

Shibe mwana malevya.
Taimi ana grafu ya panya wa mafuta mengi:
seli zao hazikuwahitaji tena majirani,
zilichipua peke yake, popote, kwa kiburi.
Ana grafu nyingine, ya walioshiba ghafla baada ya kufunga,
na hiyo ndiyo inayomnyima usingizi.
Hana grafu ya baba yake.

"Sijui," anasema. Kisha tena, "Kwa kweli sijui."
Mzee anatikisa kichwa, karibu ameridhika.

Muuguzi anakuja na bakuli: daktari ameruhusu.
Uji wa shayiri, mwepesi, vijiko vitatu, visizidi.
Taimi anapuliza cha kwanza.
Nje theluji inapakuliwa kwa koleo na mtu asiyeonekana.
Kijiko kinaingia.
Urpo anafumba macho, anasikiliza ndani
kama mtu aliyebisha hodi na bado hajaitikiwa.

"Hauna chumvi," anasema.
Na anafungua mdomo.